Posta za muziki Tanga: shida sio ukuta, shida ni kile picha inachowaahidi watu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum na habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba posta za muziki zinazobandikwa kwenye kuta za mji wetu ni uchafu mtupu na halmashauri izibandue zote kuanzia Chumbageni mpaka Mikanjuni. Simlaumu, mimi mwenyewe ukuta wa duka langu hapa Ngamiani umepakwa gundi ya unga wa ngano mpaka rangi imebanduka, asubuhi nakuja kufungua nakuta staa ananichekea juu ya kufuli. Lakini mwenzetu kaongelea ukuta tu, zile posta zenyewe hakuzitazama zinasema nini, na mimi kazi yangu ndiyo hiyo, nachapa. Kadi za harusi, vitabu vya risiti, fulana za msiba, na posta za muziki ndizo zinazonilisha wikiendi. Kwahiyo nina la kusema, nitakuwa mrefu kidogo mnivumilie, ukiona vipi mhariri kata katikati lakini usikate pale mwishoni ninapowasema nyie wa gazeti maana huko nitafika.

Tuanze na hili, mtu anayepita na bodaboda pale soko la Mgandini hana muda wa kusoma posta. Ana sekunde mbili tatu hivi, na ndani ya hizo sekunde kichwa chake kinakuwa kimeshajijibu maswali kibao, huu ni muziki gani, ni wa watu wa umri gani, ni ghali au ni wa bei yetu sisi, na je mimi nikienda pale nitafanana na watu nitakaowakuta. Hapo hajasoma hata neno moja. Kaona rangi, kaona sura, kaona herufi zimekaaje, basi, kapita. Akifika nyumbani anamwambia mkewe kuna taarabu Jumamosi, na akiulizwa ni bendi gani hajui, ila kwamba ni taarabu ana uhakika nalo.

Kajuaje? Simama siku moja kwenye ukuta wowote wenye posta nne tano, rudi nyuma mpaka herufi usizione. Ile yenye anga la bluu na mawingu meupe, miale inashuka kutoka juu na watu wamevaa sare wamejipanga, hiyo ni kwaya au tamasha la injili, huhitaji kuambiwa. Ile ya kijani yenye kuba na mnara ni maulidi au kaswida. Ile ya wamama wamekaa kwenye viti vya dhahabu, madera yanang'aa, hina mpaka karibu na viwiko, mauamaua pembeni, ndio taarabu hiyo. Na ile yenye moto, vijana wamekunja sura, herufi zimelala upande kama zinataka kukimbia, hiyo singeli, na kweli muziki wenyewe unakimbia, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, sasa ukiuwekea herufi zilizosimama wima zimetulia kama tangazo la kiwanja kinauzwa utakuwa umemdanganya mtu. Hakuna kikao kilichokaa kupitisha haya mambo. Macho ya watu yamefundishwa polepole na miaka mingi ya kuta, na makava ya kanda, na siku hizi stetasi za WhatsApp, mpaka kila mtu anasoma bila kujua kwamba anasoma.

Na sisi watu wa pwani tulikuwa na mwalimu mwingine kabla ya hayo yote, kanga. Hapa naomba nikae kidogo. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka kote, linakuambia kitu hiki kinaanzia hapa kinaishia hapa. Mji ni ile picha ya katikati, mara nyingi kitu kimoja kikubwa au maua yaliyopangika, na rangi ni chache tu. Jina liko chini ya mji, maneno machache, herufi kubwa nene ambazo hazichezi, na mwanamke akiivaa unalisoma ameshakupita hatua nyingi, na mlengwa anajijua. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za kiarabu, baadae ndio zikaja hizi tunazotumia, lakini mpangilio haukubadilika. Kanga iitwayo kisutu, ya nyekundu, nyeupe na nyeusi, haiulizwi ya nini, ni ya harusi, rangi imeshasema. Na wamama mpaka leo dukani wanatafuta "Mali ya Abdulla", chapa iliyoanzia Mombasa, hawataki kuambiwa ubora kwa maneno wanataka waione ile alama. Sasa nikisikia kijana anasema watu wetu hawaelewi dizaini nacheka sana, bibi yake anaijua kuliko yeye.

Chukua posta ya shoo ya wiki hii uipime kwa kipimo hicho hicho. Pindo hakuna. Mji umejaa vitu kumi na tano. Majina yako manane na kila moja lina fonti yake, yaani mtindo wake wa herufi, moja la dhahabu, moja la barafu, moja linawaka moto, na chini kuna logo za wadhamini zimebanana kama dagaa, na mmoja wao ni mimi mwenyewe, sikatai, nadhamini kwa kupunguza bei.

Ugonjwa mkubwa wa sasa ni dhahabu na moshi. Kijana anapakua templeti kwenye simu, yaani posta iliyokwisha kupangwa unajaza maneno tu, ya bure, iliyotengenezwa na mtu wa huko mbali kwa ajili ya klabu za usiku, ndani yake kuna majengo marefu ya Dubai, Lamborghini, noti za dola zinadondoka kutoka juu, moshi wa zambarau, halafu anabadilisha jina tu anaandika Makorora. Na templeti hiyo hiyo inatumika kwa bongo fleva, kwa taarabu, kwa uzinduzi wa saluni, nimeshaiona mpaka kwenye mahafali ya chekechea. Sasa kama kila kitu kina dhahabu na moshi yule mtu wa bodaboda anabaki na nini cha kushika? Zile alama nilizozitaja juu ndio zinazikwa hivyo.

Kuna promota mmoja, jina namuhifadhia, kaja kwangu na flashi, kazi iko tayari anataka nichape tu. Nafungua kwenye komputa nakuta ndio ile ile, moshi, gari, na wasichana wawili wa kizungu wamevaa nguo za kuogelea.

Nikamuuliza, "Mgosi, hii shoo ya nani?"

"Ya wazee bwana. Zilipendwa. Watapiga nyimbo za bendi zetu za zamani, kina Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, unazijua we mwenyewe."

"Sasa hawa mabinti wanatafuta nini humu?"

"Hao wanavuta macho."

"Ya nani? Mzee wa miaka sitini na tano anayekumbuka Jamhuri Jazz ataiona hii aseme shoo yake? Si atasema ni ya wajukuu."

Akakaa kimya kidogo, tukaanza kuvua kitu kimoja kimoja. Nikamuwekea rangi ya kaki iliyofifia kama karatasi ya zamani, gitaa moja tu na mkono wa mpigaji, unaona vidole kwenye nyuzi, na neno ZILIPENDWA kubwa nene kutoka ukingo mpaka ukingo, chini mahali, siku, saa, kiingilio. Kwisha. Tulivutana mpaka adhuhuri, gari akakubali kulitoa, wasichana akakubali kwa shida, lakini moshi akakataa katakata, akasema bila moshi watu watadhani ni tangazo la semina. Basi ikatoka na moshi kidogo, wa kaki. Mkono wa mpiga gitaa unaonekana kama unaungua.

Watu watasema mchapaji huyu anataka kujifanya mzungu anataka vitu vitupu vitupu. Hapana, ila nimekuwa nikiangalia kazi za watu wa zamani kwenye intaneti nikimaliza kazi usiku, na kuna vitu vimenikaa kichwani. Mwaka 1891 kule Paris mchoraji Henri de Toulouse-Lautrec alipewa kutangaza ukumbi wa Moulin Rouge. Karatasi inakaribia urefu wa mtu mzima, rangi chache tu, mchezaji wao maarufu La Goulue yuko katikati karusha mguu, mbele kuna mwanaume mrefu wa kijivu, na watazamaji wote wa nyuma kawafanya vivuli vyeusi, hawana macho wala pua. Jina la ukumbi lipo juu limerudiwa mistari mitatu, yote inatumia herufi M moja kubwa. Mimi wanaonifurahisha ni wale vivuli. Kivuli hakina sura kwahiyo anayetazama anajiweka pale, anajiona na yeye yupo ukumbini. Zaidi ya miaka mia baadae, 2003, Apple wakatangaza iPod, kile kifaa chao cha kusikilizia muziki, kwa ujanja huo huo, vivuli vyeusi vinacheza, nyuma rangi moja kali, kijani au waridi au njano, na cheupe ni kile kifaa na waya wa masikioni. Ukiona tu unajua hii ni raha na unajua waya mweupe ndio wao.

Na santuri nazo, kabla ya 1940 kule Marekani seti za santuri ziliuzwa kwenye makava ya karatasi ya kahawia au kijivu kama daftari la hesabu, mpaka kijana mmoja wa Columbia Records, Alex Steinweiss, akaomba aachiwe atie picha. Kava lake la kwanza alienda kupiga picha kibao cha taa nje ya ukumbi wa maonyesho New York, jina la santuri likawa linawaka kwa balbu. Yaani mtu yuko dukani kashika karatasi lakini tayari yuko mlangoni mwa shoo. Toka hapo muziki ukawa na sura kabla ya sauti, na ndio maana mpaka leo albamu ya maana ikitoka, kava na tangazo la gazeti na bango la barabarani vinatumia picha ile ile, fonti ile ile, rangi zile zile, ili ukikutana nacho mara ya tatu kiwe kama mtu unayemfahamu. Wasanii wetu wa hapa kila shoo wana fonti mpya. Mwezi huu jina lake limeandikwa kama la sinema ya kivita mwezi ujao kama la duka la keki, nani atamkumbuka.

Nikisema herufi zisomeke sio kwamba ni sheria ya msikiti. San Francisco mwaka 1966 jamaa anaitwa Wes Wilson alikuwa anatengeneza posta za ukumbi wa Fillmore, herufi zimevimba zimejipinda kama moto, kuzisoma mpaka usimame uinamishe kichwa. Makusudi kabisa. Aliyekuwa tayari kusimama ndiye muziki ule ulikuwa wake, asiyekuwa na subira apite zake. Ile kutosomeka ilikuwa na maana. Hii yetu ya kuweka maandishi mekundu juu ya moshi mweusi halafu na kivuli cha dhahabu, ile haina maana yoyote, ni kwamba dizaina aliangalia kwenye simu yake imewaka mwanga wote akaona inapendeza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kabisa, ukubwa wa sura. Kwenye posta sura kubwa ni ahadi. Wapigaji wa taarabu wanalijua hili vizuri kuliko promota yeyote, nimeshapigiwa simu saa sita ya usiku na meneja anauliza kwanini kichwa cha mwimbaji fulani kimezidi cha wake kwa upana wa kidole, na alikuwa na haki, maana mashabiki wanapima. Kichwa cha mbele ndiye bosi, wa pili anafuata, wale wa ukingoni waliokatwa mabega ni waitikiaji. Hakuna aliyeandika hivyo mahali popote lakini kila mtu anaelewa.

Sasa kuna watu wanatumia uelewa huo huo kuibia watu. Kulikuwa na shoo hapa mjini, wapi na nani naacha, posta ilikuwa na sura ya staa mkubwa wa Dar imejaa karatasi nzima, macho yake tu yalikuwa makubwa kuliko tarehe. Juu yake maandishi membamba rangi ya kijivu juu ya nyeusi, "usiku wa nyimbo za", halafu jina la staa kwa herufi kama tofali. Watu wamekuja kutoka Muheza, wengine Pangani, wamelipa. Ndani kuna dj na laptopu. Walipoanza kulalamika getini yule jamaa akatoa posta akaonyesha kwa kidole, si imeandikwa hapa usiku wa nyimbo, mimi nilisema anakuja? Na kweli kwa maneno hakusema. Picha ndio ilisema, na ile picha aliipanga yeye, aliamua mwenyewe kipi kiwe kikubwa na kipi kijifiche. Kwangu mimi huo ni uongo sawa na uongo wa mdomo, na kama kuna ofisi inatoa vibali vya shoo basi waombe na posta iletwe waitazame kwa mbali, wasisome, waitazame tu halafu waulize huyu mwenye sura kubwa yupo au hayupo. Na sisi wachapaji tukatae kazi ya namna hiyo, najua njaa ni kali, lakini wateja wakipigana getini wanarudi kumtafuta aliyechapa.

Kama staa hayupo na unataka kupiga nyimbo zake weka vivuli vya watu wanacheza, kama wale wa Paris. Rahisi, hudaiwi picha, na hujamuahidi mtu sura.

Halafu kuna hili la vichwa kupachikwa. Mwimbaji kaleta picha ya pasipoti, dizaina anakata kichwa anakipachika kwenye mwili wa mtu mwingine wa kwenye intaneti, uso maji ya kunde shingo nyeupe, kiuno kama cha nyigu. Mama wa watu ana heshima zake, anaimba amekaa, sauti ndio mtaji wake, kwenye posta kageuzwa mnenguaji. Tanga hii ndiyo iliyotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, ndiyo mwimbaji Shakila alikoimba, sauti ile mtu alikuwa anaifuata bila kuuliza kiuno. Mpeni mama picha nzuri ya uso wake mwenyewe na taa ya upande mmoja, inatosha.

Saa sasa. Jamani saa. Posta inaandikwa 8:00 PM kwa sababu templeti ilikuja hivyo, mzee wa Pongwe anaona nane anajua saa nane, anasema hawa wana wazimu shoo saa nane ya usiku, haji. Andika saa 2 usiku mbona haina gharama. Na kiingilio kiwekwe pakubwa, maana posta isiyo na bei watu wanaisoma kuwa ni ghali, wanajipitia, huku ndani ni elfu tano tu na viti vinabaki vitupu.

Rangi nazo zina wenyewe. Kipindi cha kampeni mtu kaniletea posta ya kijani na njano kapendezwa nayo mwenyewe, nikamuonya hakusikia, ikabandikwa, watu wakadhani ni mkutano wa chama, kuna aliyeniuliza kofia zinagawiwa saa ngapi. Na hata nje ya kampeni kijani na njano ni Yanga, nyekundu na nyeupe Simba, ukiweka bila kujijua umeshafukuza nusu ya mtaa. Nyeusi na njano inaonekana mbali sana, ndio maana alama za hatari zinaipenda, kwa singeli safi, kwa usiku wa mahaba wa taarabu itatisha.

Kitaalamu nitasema machache maana wadizaina wengi ni vijana wanasoma gazeti lenu kwa stetasi za wengine. Rangi ya kwenye simu ni mwanga, ya kwenye karatasi ni wino, na wino wetu ni wa aina nne tu, bluu, waridi, njano na nyeusi, ile kijani inayowaka kwenye skrini hakuna mashine hapa mjini itakayoitoa hivyo, itatoka kama mchicha uliolala. Picha msinitumie kwa WhatsApp kama picha, inabanwa, nitumieni kama dokumenti. Karatasi ya A3 ikitoka kali kwa nukta 300 kwa inchi inataka picha ya nukta kama 3,500 kwa 4,960, wewe unaniletea kapicha ulikokachukua kwenye kapicha, uso wa msanii unakuwa vigae. Na waandika mabango wa zamani wana kipimo chao, herufi ya inchi moja kwa kila futi kumi za umbali, kwahiyo tangazo la kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara ya futi arobaini linataka herufi za inchi nne, pigeni hesabu kabla ya kuandika wasifu wa msanii mzima pale.

Nimefika kwenu sasa wa gazeti. Matangazo ya shoo mnayoyatoa ukurasa wa burudani mengi ni fulaya, yaani tangazo la rangi la kutumiana kwenye simu, mmeipokea hivyo hivyo mkaiminya ikae robo ukurasa, halafu mnaichapa nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zikiingia kwenye nyeusi na nyeupe mara nyingi zinatoka kijivu kinachofanana, kwahiyo maandishi mekundu juu ya kijani yanapotea kabisa, dhahabu inakuwa majivu, moshi unakuwa doa la wino, na karatasi ya gazeti inanyonya wino herufi nyembamba zinajaa. Mteja kalipa pesa yake halali. Dawati lenu la matangazo lina haki ya kumwambia bwana leta nyingine ya nyeusi na nyeupe, picha moja, herufi nene, maneno yasizidi ishirini, na kama hana mtu wa kumtengenezea mtengenezeeni nyie mumtoze kidogo, au mleteni kwangu. Tangazo la tamasha lililotoka Jumamosi iliyopita chini kulia ya ukurasa huo, hebu lichukueni hapo ofisini mlitazame kwa urefu wa mkono mniambie linafanyika wapi na saa ngapi, mimi nimevaa miwani nimetoka nalo mpaka nje juani nimeona meno ya msanii tu.

Wenu msomaji wa siku nyingi,
Mchapaji, Ngamiani, Tanga.